Lugha ya Chumba cha Kufumia

Baba,

Mashine zenu za kiwandani zimekatwa. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama Mama anakula vizuri. Walikuja mafundi na mitungi ya gesi, wakazikata vipande, malori yakavibeba kama chuma chakavu. Mama alikuwa anatoka sokoni akaona magurudumu yamerundikwa juu ya lori. Akanisimulia huku anamenya vitunguu. Alisema hakujua zilikuwa nyingi hivyo, maana zilipokuwa zimesimama mle ndani kila mtu alikuwa anaiona ya kwake tu.

Mengine hapa Manzese yako kama ulivyoyaacha. Jirani wa kuchomelea mageti ameongeza grenda ya pili. Vijana wa bodaboda wanafungulia muziki wa singeli tangu asubuhi. Ulikuwaga unalala mchana katikati ya yote hayo kama mtoto mchanga, sie wenye masikio ndio tukawa tunateseka.

Mama ameanza kuongea kwa sauti. Mwanzoni nilidhani kuna mgeni sebuleni. Mie nimekua nikimwona Mama anasogeza midomo tu, na sie watoto tukimjibu hivyohivyo, kwa sababu ndani ya nyumba ile kila neno lilitakiwa likufikie na wewe. Sauti yake nilikuwa naisikia akiwa dukani au kanisani. Sasa anaongea peke yake jikoni, anaiambia sufuria ingoje. Ana sauti nyembamba kuliko nilivyodhani.

Hivi karibuni nimewasimulia wanafunzi wangu habari zako. Kule shuleni Chamazi kitabu chetu cha historia kilifika kwenye mapinduzi ya viwanda, na unajua darasa langu ni la viziwi, nafundisha kwa lugha ya alama. Kulikuwa na picha ya injini ya mvuke, ya mashine ya kusokota nyuzi na ya mashine ya kufumia. Injini ya mvuke tuliimaliza haraka: moto, maji, mvuke, chuma kinasukumwa. Tulipofika kwenye mashine ya kufumia nikafunga kitabu.

Nikawaambia kama ulivyoniambia mie, ukiwa umenikalisha mezani na rula na uzi wa Mama. Zamani mfumaji alikuwa anarusha kile kimti chenye uzi kwa mkono mmoja na kukidaka kwa mwingine, kwa hiyo upana wa kitambaa ulikuwa urefu wa mikono yake. Nyie mlikiita mtumbwi kwa sababu ya umbo lake. Akaja Mwingereza mmoja akafunga kamba, ukiivuta mtumbwi unaruka wenyewe kutoka upande hadi upande, na mtu mmoja akaweza kufuma shuka pana. Akaja mwingine akaiunganisha na gurudumu la maji, baadaye na mvuke, na mwisho umeme. Mtumbwi ukawa unaruka haraka kuliko jicho, na kila unapofika upande mmoja unagonga. Sasa weka mashine hizo mia kadhaa kwenye banda moja la bati. Uliniambia walioziunda hawakuwa na nia mbaya, walitaka nguo tu. Na nguo zilipatikana. Khanga, mashuka, kaki za sare za shule za nchi nzima.

Kitabu hakisemi chochote kuhusu masikio. Niliwaambia wanafunzi kwamba baba yangu aliingia mle akiwa kijana kutoka Upareni, fundi wa kurekebisha zile mashine, na miaka michache baadaye akawa hasikii jogoo. Kwamba wafumaji wote walikuwa wanaongea kwa midomo, bila sauti, mtu wa mwanzo wa safu na mtu wa mwisho, na wakaelewana. Binti mmoja wa mbele akauliza kwa mikono yake, "Kwa hiyo kiwanda kizima kilikuwa kama sisi?" Nikamjibu ndiyo. Akamgeukia mwenzake, wakacheka kwa furaha ambayo sikuitegemea.

Sikuwasimulia jinsi ulivyomposa Mama. Hiyo niliiacha nyumbani. Ulisimama na spana mkononi, yeye yuko kwenye mashine yake, vumbi la pamba limejaa kwenye kope, ukamwambia kwa midomo kwamba unataka akuoe, ukachanganya neno, safu nzima ikaliona. Na kabla Mama hajafungua kinywa, msimamizi wa zamu kutoka mwisho wa banda akajibu kwa niaba yake: "Kubali!"

Msimamizi huyo, rafiki yako na kiziwi mwenzako Mzee Akberali, ndiye ninayetaka kukuandikia habari zake.

Siku ulipofariki nilimpigia simu Sakina, binti yake Mzee Akberali. Alikuja msibani Manzese na mume wake, wakakaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, wakatoa rambirambi, akaniambia kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayempa baba yake habari, taratibu. Mzee alikuwa ametoka hospitali kwa ajili ya moyo. Nikaona ni sawa. Tukakusafirisha Same, tukapanda na wewe mlimani, tukakuzika karibu na Babu. Niliporudi Dar nilikuwa na shule, na Mama, na mambo ya nyumba. Sikumuuliza tena.

Kisha mwezi huu Sakina akapiga. Akasema, "Dada Nakundwa, shikamoo. Naomba msaada wako. Wewe ni mwalimu wa viziwi. Baba amebadilika sana, na kaka anataka tumpeleke kwake Kanada, akae huko kabisa. Tiketi ipo. Njoo umwangalie kwanza, unieleze kama bado kuna njia ya kuwasiliana naye."

Nikamwambia Mama, naye akavaa kitenge chake kizuri kabla sijamaliza sentensi.

Unaijua nyumba ile ya Mbweni, ulikuwa unaenda kila Jumamosi. Vigae vinang'aa, mapazia mazito, kimya kiasi kwamba unasikia pampu ya maji ikijaza tenki. Mzee Akber alikuwa kwenye kiti kilichotazama dirisha, ametupa mgongo. Amekonda. Shati limefungwa vizuri hadi kifungo cha juu kama kawaida yake. Midomo ilikuwa inasogea.

Sakina akasema, "Ndiyo hivyo kutwa nzima. Mwanzo tulidhani anavuta uradi, lakini hashiki tasbihi. Sauti hatoi kabisa. Zamani alikuwa anaongea kwa nguvu mno, watoto wakawa wanamcheka, nikamwandikia apunguze. Akanyamaza moja kwa moja. Ubao wake wa kuandikia pia ameuacha. Daktari anasema ni uzee, akili inachoka."

Nilizunguka hadi pembeni ya pazia, mahali ambapo ningeona mdomo wake bila yeye kuniona. Nikasoma, nikadhani nimekosea. Nikasoma tena.

Alikuwa anakuita wewe: "Elia, nimekukosea nini? Bila hata kuniaga?"

Anapumzika kidogo, anatazama geti, anaanza upya. "Elia. Nimekukosea nini?"

Nilimshika Sakina mkono nikamtoa hadi kwenye korido. Nikamuuliza kama walimwambia. Alitazama chini. Akaeleza kwamba daktari wa moyo alikataza habari za kushtua, akawa anasubiri baba yake apate nguvu, na siku moja mzee akaandika kwenye ubao, "Eliamani yuko wapi?" Sakina akaogopa, akamwandikia kwamba umesafiri, uko Same.

"Na kweli mlikuwa mmempeleka Same," akasema. "Nilijiambia si uongo wote. Nilidhani atasahau, dada. Watu wazima wanasahau."

Hakuwa anajitetea. Alikuwa analia huku anaongea, na wanawe wako juu wanaangalia katuni. Nilitaka kukasirika nikashindwa. Yule ni mtu anayempima baba yake presha asubuhi na jioni.

Nikamwambia nilichosoma kwenye midomo ya baba yake. Akarudi ukutani kama mtu aliyesukumwa.

"Akijua, moyo utasimama," akasema.

Mama alikuwa ametufuata koridoni. Alimwambia kwa sauti, ile sauti yake mpya, "Mwanangu, baba yako anadhani ameachwa. Mtampandisha ndege anaamini rafiki yake alimchoka. Kufiwa atalia, atapona. Hilo lingine haliponi."

Sakina aliingia jikoni. Tukasimama pale, mie nikidhani ametukatalia na sasa itabidi tuage. Akatoka na glasi ya maji na vile vidonge vya kuweka chini ya ulimi. Akavipanga kwenye meza ndogo karibu na kiti cha baba yake, akakaa sakafuni miguuni pake.

Mama akavuta stuli, akakaa mbele yake, mwanga wa dirisha ukimwangukia usoni. Unamjua Mama, alipanga mwanga. Mzee Akber alipomwona aliinuka nusu, akainua mikono yote miwili.

"Shemeji!" akasema bila sauti.

"Shemeji," Mama akajibu. "Habari za siku nyingi."

Sijui kama nitaweza kukueleza nilichoona, Baba. Ule uso uliokuwa umelala uliamka. Maneno yakaanza kutoka mbiombio, mapana, kama mlivyokuwa mnaongea nyie wawili uani, mikono inasaidia kidogo, nyusi zinapanda. Hajambo Nakundwa, Nakundwa amenenepa, dawa zinamchosha, chakula chumvi hawaweki. Sakina alikuwa anamtazama baba yake, kisha mie, kisha baba yake. Nikawa namnong'oneza tafsiri. Aliposikia habari ya chumvi alicheka na kujifuta pua.

Kisha mzee akauliza, "Elia yuko wapi?"

Mama alitafuta neno la heshima. Akasema, "Ametangulia."

"Najua," akajibu. "Same. Wameniandikia. Anarudi lini?"

"Harudi, Shemeji."

"Amehamia huko? Bila kuniaga?"

Unaona ubaya wa lugha yenu. Ametangulia, ametutoka, amepumzika, maneno yote ya kumfunika maiti, midomoni yanabaki safari tu. Mama aliniangalia mie kama nina lingine. Akamgeukia tena, akaweka mikono yake magotini, akasema polepole, "Amekufa."

Neno hilo linaonekana vizuri. Meno yanagusa mdomo wa chini, kisha kinywa kinafunguka. Hakuna anayeweza kulisoma vibaya.

Mzee Akber alifumba macho. Wewe unajua maana yake kwa mtu kama nyie: akifumba macho hakuna atakayeweza kumwambia kitu, amefunga mlango. Sakina alikuwa ameshika kifundo cha mkono wake, anahesabu mapigo, midomo yake na yeye inasogea. Nilikuwa natazama vile vidonge mezani.

Alipofumbua, alisema kwa sauti. "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun." Aliisema kwa nguvu kama mtu aliye katikati ya mashine, vioo vikatetemeka, wajukuu wakashuka ngazi mbio kuona kuna nini. Hawakucheka.

Baada ya hapo alitaka kujua yote. Mama akamweleza, nami nikimfasiria Sakina. Kwamba ilikuwa kiharusi. Kwamba ulianguka ukiwa unanyoa ndevu. Akauliza kama uliteseka, Mama akasema si sana. Akauliza nani alikufumba macho, Mama akasema, "Mie." Akauliza kama ulisema neno.

Hapo Mama alinigeukia, nikajibu mie. Nilimwambia kwamba nusu ya mdomo wako ilikuwa imelala. Kwamba ulikuwa unasema, ulisema usiku na mchana, nami nilikuwa nimekaa nimekukazia macho, mimi ninayelipwa mshahara kwa kazi hiyo, na sikuweza...

Sikuweza, Baba. Upande mmoja ulikuwa unasogea na upande mwingine haukusogea, na neno linahitaji pande zote. Kuna moja lilianza kama "mwa" au "ba". Sikuwa nimemwambia mtu hilo. Mzee Akber alinitazama, akanipigapiga mkono. Akasema, "Hata mie nisingemsoma." Sijui kama ni kweli. Nimeamua kumwamini.

Moyo wake haukusimama. Alikunywa maji, vidonge hakuvihitaji. Akamgeukia Mama, akasema amwambie Sakina maneno haya: haendi Kanada, akili yake haijapotea, amepotelewa na mtu wa kuongea naye. Mama akayasema kwa sauti. Sakina akaweka kichwa kwenye magoti ya baba yake.

Mambo hayakuisha siku ileile. Kaka yake wa Kanada aligomba kwenye simu, akasema tumemchezea mgonjwa. Ikabidi mzee arudishwe kwa yule daktari, na safari hii Mama akakaa pembeni yake. Daktari anauliza, Mama anarudia kwa midomo, mzee anajibu, Mama anatoa sauti. Alijibu yote. Mwisho akamwambia Mama amuulize daktari kwa nini amefuga masharubu yanayofunika mdomo ilhali anatibu wazee viziwi. Mama aliona aibu kulitoa, akalitoa. Daktari alicheka, akaandika upya karatasi zake, na tiketi ikarudishwa. Kaka mtu atakuja mwenyewe kumwona baba yake, na nadhani hilo ndilo walilolihitaji tangu mwanzo.

Sasa Jumamosi zako amezichukua Mama. Anapanda basi la mwendokasi, halafu Sakina anamfuata kituoni kwa gari. Anakaa Mbweni hadi alasiri, anasengenya kiwanda kizima pamoja na Mzee Akber, waliokufa na walio hai. Sakina anajifunza. Bado anachanganya, kwa sababu "baba" na "mama" midomoni ni kitu kimoja, na hajazoea kugusa kidevu kwa ajili ya baba kama tulivyokuwa tunafanya sie. Juzi alimuuliza baba yake kama mama anataka chai, mzee akashtuka, maana mkewe alishafariki zamani. Walicheka hadi Sakina akapaliwa.

Kuna kitu kimoja sikipendi, nikuambie. Mama akirudi kutoka Mbweni, jioni nzima anaongea nami bila sauti. Jumapili pia, hadi tukifika kanisani. Sauti niliyokuwa nimeanza kuizoea inapotea tena, na wiki inapofika katikati ndiyo inarudi kidogokidogo. Nilitaka kumwambia. Halafu naona anavyokuwa mchangamfu akiongea kwa midomo, anavyonyanyua nyusi, anakuwa yule msichana wa vumbi la pamba. Nimenyamaza. Nyumba ni yake, mdomo ni wake.

Mwezi wa kumi na mbili tunapanda Upareni kama kila mwaka, na Mzee Akber anakuja. Sakina ataendesha. Tumeshamtafutia kiti chenye mgongo mzuri, na chakula tutasimamia apikiwe cha kwao. Padri wa kule nimeongea naye, amekubali Mwislamu asimame nasi kwenye kaburi na aseme dua yake. Nilijitolea kusimama mbele ya mzee ili afuate sala kwenye midomo yangu. Alishukuru, akasema sala zetu anazijua zinavyoenda, zinafanana. Ila ana ombi jingine. Ana maneno yake na wewe, ya kusema peke yake, hana uwezo wa kuyanong'ona kwa sauti kwa sababu hajui sauti yake inafika wapi. Atayasema kwa midomo. Na kwenye familia yetu, akasema, hakuna asiyejua kusoma midomo.

Kwa hiyo lala, Baba. Uziwi wako umekwisha, na wa rafiki yako bado anaubeba. Siku hiyo nitamfikisha hadi kichwani pako, nitahakikisha fimbo yake imesimama kwenye udongo mgumu, kisha mie na Mama tutageuka tutazame bondeni mpaka amalize. Atakachokuambia kitabaki chenu. Nakuahidi sitageuza shingo.

Mwanao,
Nakundwa